Marumaru ya Baba Paroko

Asubuhi ile tulikuwa tunasugua sakafu. Baba Paroko alikuwa ameweka marumaru mpya katika kanisa kubwa la kilimani kwa ajili ya jubilei yake, na alikataza mtu kuingia na viatu. Waumini wa kawaida waliambiwa wasali katika kanisa dogo la sokoni, lenye bati linalovuja, mpaka sherehe ipite. Nadhani hata Mungu alitakiwa afute miguu mlangoni.

Nilikuwa sista kijana kutoka milima ya Lushoto, nimetumwa na shirika letu katika mji mmoja wa mashariki ya Kongo. Mwenzangu alikuwa Sista Dafroza wa Mazinde, binti wa wakata mkonge. Kwa kuwa pale hakuna aliyejua Kishambaa, tulimteta paroko kwa sauti ya kawaida, huku tukimwamkia kwa heshima kila alipopita.

Siku ya pili yake, mchana, mizinga ilianza kulia. Kanisa la sokoni lilipigwa. Waliosalimika wakapanda kilimani kwetu, wamebeba wagonjwa wao.

Paroko alifunga kanisa kubwa kwa kufuli.

"Wataichafua marumaru," aliniambia. "Wakae uani, Sista. Mungu yupo hata uani."

Akapakia kalisi, kanzu zake za misa na mto wake wa kulalia, akaondoka na gari pekee tulilokuwa nalo. Mto ulikaa kiti cha nyuma peke yake.

Dafroza alichukua jembe la bustani, akavunja kufuli.

Watu wakajaa mpaka altareni. Wajawazito, vizee, mtu na mbuzi wake.

Jioni wakaja askari. Walijiita wakombozi. Kamanda wao alivaa saa mbili katika mkono mmoja, na zote mbili zilikuwa za watu.

"Tunataka vijana wa kubeba mizigo," alisema.

Dafroza alikuwa amesimama mlangoni. "Maji tutawapa. Vijana hapana."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua."

Kamanda alimpiga risasi.

Hakumtazama akianguka.

Kisha bomu likaanguka karibu na ukuta, na wakombozi wakatimua mbio, wakiangushana kwenye ngazi. Kamanda alitangulia. Vijana wakabaki.

Tulimzika Dafroza nyuma ya sakristia. Padre hakuwapo, nikasoma sala mwenyewe.

Mji ulipotulia paroko alirudi. Aliinama mlangoni, akakwangua doa la damu kwa ukucha.

"Hili halitatoka," alisema.

Nilisubiri aulize Dafroza amelala wapi. Hakuuliza. Jumapili akahubiri juu ya mchungaji asiyeliacha kundi lake, na alihubiri vizuri sana, sauti alijaliwa. Kamanda naye, nasikia, siku hizi ni mheshimiwa. Huvaa suti na kukata utepe kwenye shule mpya.

Niliporudishwa nyumbani nilishuka Mazinde kumwona mama yake Dafroza. Habari za kifo alikuwa nazo. Nilimkuta anachambua mboga mbele ya nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Nilimweleza yote, hata yale ya paroko.

"Wale vijana walipona?" aliuliza.

"Siku ile walipona, mama."

"Siku ile."

"Ndiyo, mama."

Hakuniuliza zaidi, nami sikumwambia kwamba vita vilirudi, wakachukuliwa karibu wote, akiwamo yule aliyelichimba kaburi la binti yake. Nadhani alikwisha kuelewa.

"Watu wa kanisa walikuja hapa," alisema. "Wakaniambia nifurahi, binti yangu ni shujaa. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja. Ningemtaka hai, hata angekuwa mwoga."

Nimesikia mahubiri mengi na hotuba nyingi juu ya vita vile. Neno la maana nimelisikia hilo tu.