Kofi la Dada Ukumbini

Dada yangu ni fundi wa kurekodi okestra, na mimi ndiye mbeba nyaya wake, kazi niliyopata kwa undugu, si kwa akili. Nyumbani humsengenyi hata ukijifungia chumba cha mwisho. Atakujibu kutoka jikoni. Masikio yake ndiyo yanayotulisha.

Kabla ya kutega maikrofoni hata moja, husimama katikati ya jukwaa, akapiga kofi moja kali, akasikiliza mwangwi ukipanda darini na kufifia. Ukirefuka mno, sauti za fidla zitapandana. Ukikatika upesi, muziki utakauka kama mkate wa juzi. Hapo ndipo huamua maikrofoni zikae wapi.

Asubuhi ile alipiga kofi, akakunja uso. Akapiga tena.

"Ukumbi huu wameufanya nini? Sauti inakatika."

"Labda wameongeza mapazia," nikasema.

Tukasaka. Hakuna pazia jipya wala zulia, viti ni vilevile vya mbao, milango yote imefungwa. Kila tulipokosa kitu, nilizidi kusaka, hata chini ya viti. Maana mimi, mwenye masikio ya kusikilizia mpira tu, nilikuwa nimeusikia mwangwi wote, mrefu kama siku zote. Jamani, niliogopa! Nilitamani nikute hata blanketi limetundikwa mahali.

"Njoo," dada akasema. "Tufumbe macho. Nikipiga, tuinue mikono. Mwangwi ukiisha, shusha."

Akapiga. Mimi nikafumbua jicho moja, Mungu anisamehe. Mkono wake ulikuwa chini tayari. Wangu ulikuwa bado juu, na sauti bado inazunguka darini.

"Tumeshusha pamoja?" akauliza, macho yamefumbwa.

Nje wanamuziki walishaanza kuteremsha ala zao. Nikisema ndiyo, atapanga maikrofoni kwa masikio yale, aumbuke mbele ya watu. Nikisema hapana, nani atamwita tena kazini?

"Hapana, dada. Wewe umetangulia."

"Sana?"

"Sana."

Afadhali angenigombeza. Alifumbua macho, akakaa ukingoni mwa jukwaa.

"Mama asijue," akasema. "Haya, simama pale katikati. Piga wewe. Mimi nitaangalia mkono wako."

Nikapiga, nikainua mkono. Dada hakupepesa macho. Moyo ulinidunda kwa nguvu hata nikashindwa kujua kama mwangwi umeisha au bado.