Ufa wa Nyumba ya Pombe

Mimi ni mwoga, na sijawahi kulificha hilo. Kwetu Tarime wanaume husifiwa ushujaa tangu wangali tumboni, na wanawake husifiwa kwa kuzaa mashujaa, kwa hiyo mtu mwoga hana nafasi kwenye nyimbo. Lakini wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nami kicheko nimekipenda siku zote. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba siku ile niliingia katika nyumba ile kwa ujasiri.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupikia pombe, katika mtaa wa zamani wa mji wa Tarime, juu kidogo ya soko. Ilijengwa enzi za wakoloni ili wanawake wote wapikie mahali pamoja, wasijifiche vichochoroni ambako serikali haikuweza kuwaona. Ilikuwa ndefu, ya mawe, imeezekwa bati, na kwenye ukuta wa nyuma palikuwa na meko matatu makubwa yaliyojengwa pamoja na ukuta wenyewe. Maboriti yalikuwa meusi kwa moshi wa miaka yote hiyo. Mchwa waliokuwa wanakula nyumba za jirani hawakuwahi kuyagusa.

Mama aliyenioa alipika mle tangu ujana wake. Nikisema mama aliyenioa, sijakosea kuandika. Kwetu mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, ili amzalie watoto wa kubeba jina la nyumba yake. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobu. Ng'ombe walionioa mimi walitoka kwenye mitungi ya nyumba ile, mtungi baada ya mtungi, na mtoto wa kiume niliyemzaa alikuwa mtoto wake mbele ya watu wote. Hakuwa na mwingine, na alivyokuwa akimwangalia akila ungesema anajihesabia mwenyewe kila tonge.

Nilipofika kwake, jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa kuotesha wimbi wala kukaanga unga uliochacha. Alinifundisha kuonja. Pombe ikishakorogwa kwa maji ya moto, na wazee wameketi kuuzunguka mtungi na mirija yao mirefu, hakuna anayeanza. Wanamtazama mpishi. Mpishi anatumbukiza mrija wake, anavuta, anameza, kisha anakaa. Wazee nao wanakaa, wanazungumza habari za mvua huku wakimchungulia usoni, kwa sababu sumu ni kitu kinachojulikana. Wakiridhika kwamba bado ni mzima, ndipo wanainamisha vichwa na kunywa. Nilipoonja mara ya kwanza nilikuwa nimepika mwenyewe, kila kitu kilichomo nilikijua, na bado nikaogopa nitakufa.

Kisha ikaja miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu walitakiwa kuhama na kukaa pamoja, na habari zilikuwa zinatufikia, za upande wa Serengeti na za kwetu pia, kwamba kuna waliochelewa kuhama wakakuta mapaa yao yameshuka. Sisi tulikuwa mjini, tukadhani hayatuhusu. Ndipo katibu wa kata akaitisha mkutano akasema nyumba ya pombe ni masalio ya mkoloni. Itavunjwa, bati na maboriti yatapelekwa kujenga ghala katika kijiji kipya, na wapishi nao watakwenda huko wakalime, maana taifa halijengwi kwa ulevi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyependa kusema maneno yote kwa sauti ileile, hata salamu.

Mama alisimama. "Ndugu katibu, unataka ghala?"

"Ndiyo, mama. Chama kinataka ghala."

"Hii hapa ni ghala. Mchwa hawaijui. Ukipeleka hizo mbao huko, unazitoa kwa moshi unazipeleka kwa mchwa. Tuachie sisi tuitengeneze. Upande mmoja mweke mahindi, upande mwingine watu wazima wasomee. Sisi tubakizie jiko moja la kupikia."

Watu wakacheka kusikia mahindi, kisomo na pombe chini ya bati moja. Lakini katibu alikuwa akitafuta chumba cha kisomo kwa muda mrefu, akakubali, kwa sharti kwamba kazi iishe kabla ya mvua na wananchi wenyewe waikubali nyumba. Wasipoikubali, mpango wa kwanza unarudi. Mama alirudi nyumbani akiimba. Mimi nilirudi nikiwaza, kwa sababu niliolewa na nyumba ile, na sikujua tungekuwa nani bila hiyo.

Wapishi tulijitolea. Tulibeba mchanga kutoka mtoni, tukakanda udongo na kinyesi cha ng'ombe, tukakwangua masizi hadi tukawa tunatisha watoto. Mama alimwita fundi kutoka upande wa ziwani, mtu mpole aliyesema Kijaluo na mawe yake na Kiswahili na sisi. Ili kupata nafasi ya madawati ilibidi meko mawili yaondolewe. La kwanza lilitoka bila shida. Siku la pili lilipotoka, tulisikia ukuta wa nyuma ukilia. Sina neno jingine. Tulipogeuka, ufa ulikuwa umepanda kutoka chini hadi kwenye boriti, na kiganja changu kilipita.

Fundi alikaa chini, akavua kofia. Kumbe meko yale ndiyo yaliyokuwa yanaushikilia ukuta kwa nyuma, wala hakuna mmoja wetu aliyelijua, wala fundi, wala mama aliyeyapikia maisha yake yote. Saruji ilikuwa haipatikani. Tuliyokuwa nayo ilitosha kusiliba mdomo wa ufa tu. Fundi akashindilia mawe, akasimamisha nguzo nje, tukapaka udongo juu yake. "Imekaa," alisema. Lakini alilisema akiwa nje, na kesho yake akaenda kwao.

Tangu hapo sikulala vizuri. Kila jioni nilibandika donge dogo la udongo laini juu ya mahali ufa ulipopita, na kila asubuhi nilikwenda kulitazama. Nililikuta limepasuka katikati. Nilibandika jingine. Waliopita mlangoni waliniona wakanitupia methali, usipoziba ufa utajenga ukuta, kila mmoja akidhani ni wa kwanza kuikumbuka, na mimi nilikuwa ninaziba tangu alfajiri. Nilimwambia mama kwamba udongo unapasuka.

"Udongo ukikauka unapasuka," alinijibu. "Hata sufuria inalia ikipoa."

"Mama, ule ukuta unatembea."

"Basi nyamaza usiuharakishe."

Lakini mji mdogo haunyamazi. Ikasemwa kwamba nyumba inalia kwa sababu meko yaliyowapikia wazee wa zamani yameng'olewa. Ikasemwa itamfunika wa kwanza kukaa chini yake. Waliokuwa wameandikishwa kisomo wakapata wote homa kwa wakati mmoja. Mimi sikuamini habari za laana. Niliogopa mawe tu, na hiyo ilinitosha.

Siku ya kuizindua watu walijaa uwanjani, nguo zimefuliwa, na mtungi wa amarwa, pombe yetu ya wimbi, umewekwa kwenye jiko moja lililobaki. Katibu alihutubia. Alipomaliza akasema, "Sasa ndugu wananchi, tuingie." Hakuna aliyenyanyua mguu. Akarudia. Wazee wakatazama fimbo zao. Mtu mmoja nyuma akasema, "Tangulia wewe, ndugu katibu, wewe ndiye kiongozi." Katibu akafika mlangoni, akatazama ule ukuta. Hakuingia. Aligeuka akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo, kwamba kama wananchi wameikataa basi neno limekwisha. Gari litakuja kesho kuchukua bati, na wapishi tufungashe.

Nilikuwa nimesimama kando, mtoto nimempakata. Nakiri kwamba moyoni nilishukuru. Nilijiona nimepanda gari juu ya bati, nakwenda kulima mahali nisipopajua, lakini mtoto wangu mzima na hakuna jiwe juu ya kichwa chake. Ndipo mama akanijia. Alimtoa mtoto mikononi mwangu kama anavyomtoa kila siku, nami nikamwachia kama ninavyomwachia kila siku, na nilipoelewa anakwenda wapi alikuwa ameshavuka kizingiti.

Alikwenda moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma. Akakaa kwenye kigoda chake chini ya ule ufa, akamweka mtoto mapajani, akampa mrija achezee. Kisha akatutazama mlangoni.

"Mpishi ni mimi," alisema. "Naonja."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wazee wakaanza kuzungumza habari za mvua. Walizungumza polepole, macho yao ndani ya nyumba, kama walivyofanya mbele ya kila mtungi. Walikuwa wanasubiri kuona kama atakufa. Na mtoto wangu alikuwa sehemu ya kile kilichoonjwa.

Nilimchukia mama wakati ule. Nilimchukia kabisa, yeye na mitungi yake na ng'ombe wake. Vumbi lilidondoka kutoka kwenye boriti likamwangukia mtoto kichwani, akapiga chafya, akacheka. Sikumbuki kuvuka mlango. Nakumbuka nimeinama juu yao, mikono yangu kwapani mwa mtoto, nikivuta, na mtoto haji. Mikono ya mama ilikuwa imemfunga. Nikaona pia kile ambacho waliokuwa nje hawakuweza kukiona: alikuwa amekunja mgongo wake juu ya mtoto, kutoka kichwani hadi miguuni, na mwili wake wote ulikuwa unatetemeka.

"Kaa," alininong'oneza. "Mkamwana wangu, kaa. Ukimtoa saa hii tumekwisha."

Ningependa kuandika kwamba nilipima, nikachagua. Ukweli ni kwamba miguu iliisha. Nilikaa chini kwenye sakafu kama gunia lililoachiwa, nikaegemea goti lake, nikafumba macho nikisikiliza mawe.

Nilichosikia ni fimbo. Mzee wa kwanza aliingia, wa pili akamfuata, kisha viatu, kisha kelele, kisha uwanja wote. Baadaye nilielezwa walichokiona kutoka nje: bibi kuonja hakukuwatosha, maana wazee huchoka na maisha. Lakini mama mzazi wa mtoto alipoingia mbio na badala ya kumtoa mwanawe akaketi naye, tena ametulia, amefumba macho, hapo wakajua nyumba ni salama. Hofu yangu waliisoma kuwa imani. Na wazee wa kwetu hawawezi kuona ukuta wasiuegemee. Mmoja akaja akaweka mgongo wake kwenye ufa wenyewe, akaomba mrija. Katibu aliingia wa mwisho, akasema maneno mengi kwa sauti yake ya kawaida.

Jioni tulipokuwa tunaosha mitungi nilimuuliza, "Mama, ulijua ukuta hautaanguka?"

"Sikujua."

"Na ukambeba mtoto."

Alisugua mtungi kwa muda mrefu. "Ningejua, hiyo ingekuwa kuonja?" Kisha akasema, bila kunitazama, "Ningeingia peke yangu, wangesema bibi amechoka kuishi. Sikuwa na kitu kingine cha maana cha kuingia nacho." Machozi yalikuwa yanamtoka, na akaendelea kusugua.

Kumsamehe kulinichukua miaka, na siku alipofariki nilikuwa bado sijamaliza yote.

Nyumba haikuvunjwa, wala sisi hatukuhama. Mahindi yalikaa upande mmoja, pombe ilipikwa upande mwingine, na katikati watu wazima walisoma. Mimi nilijifunza kuandika mle, kwenye dawati la karibu na mlango, jicho moja ubaoni na jingine ukutani. Mwalimu alidhani nina makengeza.

Saruji ilipopatikana, ufa ulizibwa vizuri, na fundi wa pili akajenga kitako cha mawe kwa nje. Hata sasa ukijua pa kutazama utaona mstari wake chini ya chokaa. Mwanangu sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na amesimuliwa na mji mzima jinsi mimi mama yake nilivyokuwa shujaa. Anajivunia. Akiingia mle kuzungumza na wenzake, huenda akaegemea ukuta wa nyuma, palepale. Mimi husimama mlangoni nikamwita nje. Namsingizia kazi, kuni, mgeni, chochote. Anakuja akicheka, ananiuliza nilikuwa nataka nini, nami namshika mkono mpaka tumefika barabarani.