Mkono wa Kushoto wa Tata Wangari

Nikiwa mtoto pale Gitothua nilikuwa wa kuuliza maswali, na tata yangu Wangari aliporudi nyumbani, maswali yalinijaa. Tata, dadake baba, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo huko Thika. Chuma kilimwangukia kichwani, akalazwa muda mrefu, na alipotoka hospitali mumewe, Njoroge, alimleta kwetu auguzwe na mama yake, yaani cucu yangu.

Alitujua sote kwa majina. Lakini mkono wa kulia ukifunga vifungo vya sweta, wa kushoto ulifuata nyuma ukivifungua. Yeye mwenyewe aliutazama kama mtu anayemtazama kuku wa jirani akiingia shambani. Mimi nilishinda kando yake nikingoja kuona utafanya nini tena.

Cucu hakushangaa. Tata alikuwa amepewa jina la mama yake Cucu, mwanamke mkaidi aliyetumia mkono wa kushoto maisha yake yote. Cucu alisema marehemu amerudi kuchukua nusu yake, akawa anausalimia ule mkono kila asubuhi, kwa heshima ya mzazi, kabla ya kumsalimia Tata.

Jumapili moja Njoroge alikuja akasema ameshindwa. Huyu si mwanamke aliyemwoa. Yule alikuwa mpole, huyu hucheka ovyo, na mkono wake humnyang'anya yeye, mumewe, kikombe akiwa bado anakunywa. Cucu alimwacha amalize.

"Mkono mmoja ni wa mama yangu," akamwambia. "Huo mwingine ni wa mke wako. Sasa unamkataa yupi?"

Njoroge aliinuka aende. Hapo mkono wa kushoto ukashika koti lake, ukakaza.

"Niachilie, Wangari."

"Si mimi nimekushika," Tata akasema.

"Ni nani basi?"

Tata aliuangalia ule mkono. "Sijui. Lakini sitaki ukuachilie."

Njoroge akaketi. Baadaye alimrudisha Thika, wakaishi huko, wakigombana na kupatana, mpaka wakazeeka.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza daktari. Alinieleza kwamba nusu mbili za ubongo zimeunganishwa kama kwa daraja, na daraja likikatika, upande mmoja hutenda bila kuuarifu mwingine. Nilimwamini, na marehemu nikamwacha apumzike. Lakini daktari alinieleza habari za mkono tu. Yule aliyesema hataki mkono uachilie, huyo ndiye ninayemwita Tata Wangari, na sina jina lingine la kumpa.