Neno "Akipenda" Lililosomba Shamba la Mutheu

Hiyo siku moja naikumbuka vizuri sana, mwanangu, maana ndiyo siku nilikemewa nikanyamaza. Mimi, niliyekuwa na mdomo kama chiriku!

Nilikuwa nimemaliza shule, nikafanywa karani wa mwethya wetu huko Masii. Mwethya ni kuchimbiana matuta ya kushika udongo: leo tunaenda kwako sote na majembe, kesho unakuja kwangu. Wazee wakaniambia niandike sheria. Nami, kwa adabu zangu za kitabu, niliona haya kumwambia mzee "lazima". Nikaandika: aliyechimbiwa atarudisha zamu akipenda.

Tukamchimbia Mzee Kilonzo, mwenye shamba kubwa, siku tatu mfululizo. Ilipofika zamu ya Mama Mutheu, mjane mwenye watoto wanne na kipande cha mteremko, Kilonzo hakupenda. Wengine nao wakaona, aa, kumbe ni kupenda, wakabaki kwao. Mvua ikaja, ikasomba udongo na mahindi yote.

Mutheu akanijia na daftari langu mkononi. "Wewe karani, umesoma mpaka ukasahau watu? Hii 'akipenda' yako ndiyo imekula chakula ya watoto wangu!" Nililia, wacha nikwambie ukweli.

Sasa sikia. Kuishi kwingi ni kuona mengi: uzeeni nikajikuta katika ujumbe wa Kenya, tukijadiliana na nchi za dunia mkataba wa kujiandaa kwa magonjwa ya mlipuko. Unakumbuka corona? Sisi tulingoja chanjo huku wenzetu wakidungwa mara ya pili na ya tatu. Basi ugomvi ulikuwa hapo. Nchi tajiri zilitaka ugonjwa ukizuka kwetu tutume sampuli za virusi haraka, lazima, ili viwanda vyao vitengeneze chanjo. Nazo zitatugawia chanjo hiyo... nikageuza ukurasa... kwa Kiswahili chetu, "zikipenda".

Ai! Nilicheka kwa sauti mbele ya mwenyekiti.

"Hiyo ni lugha ya heshima tu, mama," mjumbe mmoja wa upande wao akasema kwa upole.

"Naijua," nikamjibu. "Niliwahi kuiandika mwenyewe, ikasomba shamba. Basi tuheshimiane: sampuli nasi tutaleta tukipenda."

Kisha wenzetu wa Afrika wakaanza kugonga meza, mmoja baada ya mwingine. Siku nne tulivutana juu ya neno hilo moja. Mkono mtupu haulambwi, na safari hii wetu haukuwa mtupu. Siku ya tano wakalifuta. Lazima kwetu, lazima kwao! Tulishangilia, nikakumbatiana hata na yule mjumbe.

Nikampigia simu Mama Mutheu, sasa ni bibi wa wajukuu palepale Masii. Nikamweleza yote. Akauliza jambo moja tu: "Na 'lazima' umeandika wewe mwenyewe?"

"Nimeandika, Mwaitu," nikamwita mama kwa lugha yetu ya nyumbani.

"Haya karani. Leo nimekusamehe."

Mwanangu, heshima si kuogopa neno. Mkipatana, iwe ni majirani ama mataifa, uliza kwanza: huyu mkubwa asipopenda, ni nani atalala njaa? Huyo ndiye umwandikie sheria. Mungu akupe ulimi wenye adabu na kalamu isiyotetemeka, na mvua ikija, matuta yako yashike.