Mdomo Mtamu wa Keshia

Keshia wa dirisha la kati alijaliwa mdomo mtamu, na benki ikautumia kuwauzia wateja mikopo wasiyoihitaji. Kazi hiyo ilimkera kupita kiasi. Asubuhi moja alifika shangazi yake, akitaka tu kubadilisha namba ya simu.

Meneja akasogea nyuma ya kiti. "Mweleze mama kuhusu mkopo wetu mpya."

Keshia akaeleza.

"Wewe ndiye unayejua, mwanangu," shangazi akasema, akatia dole gumba kwenye fomu ya mkopo.

Jioni keshia alimwambia mumewe kwamba anaacha kazi.

"Na mama je?" mume akauliza kwa upole.

Mama mzazi wa keshia alikuwa amelala chumba cha pili, ametoka kusafishwa figo kwa bima ya benki, kitu pekee alichokipenda binti yake kazini. Keshia akaenda kupiga pasi sare ya kesho.