Mkunga na Mikole Yake

Mkunga mstaafu wa Ibadakuli hachagui mmea wakati wa masika. Mvua, husema, humpamba hata mvivu. Yeye huenda mwezi wa kumi kwenye ngitili, yale malisho yanayofungwa yapumzike, na kila kichaka anachokikuta kingali kibichi hukifunga kipande cha kanga kuukuu. Mvua zikianza hurudi kuchukua mbegu za vile vilivyofungwa tu, akazifukie nyumbani kwa vidole vilivyopokea nusu ya watoto wa mtaa. Ndivyo mikole, vichaka vya porini visivyonyauka kiangazi, ilivyojaa uani kwake.

Jumamosi mwanawe Masalu aliwasili kutoka Geita na pikapu ya maua ya kununua, akashika jembe hata kabla ya shikamoo. "Mama, wanaokuja kumposa mdogo wangu Justa watasema tunaishi porini!"

"Kwani wanakuja kuposa au kuchunga?"

"Vichaka hivi vinang'oka leo."

Mama akaketi chini, akauegemea mkole mkubwa, akanyoosha miguu kama aliyefika kwake. "Haya baba, anza na mimi. Na hayo maua yako, kiangazi nani atayachotea maji? Au umekuja na kisima humo kwenye pikapu?"

Masalu akatazama maua, akatazama ndoo. Mama akainuka, akamnyang'anya jembe, akachimba shimo palepale langoni wageni watakapopita, akamkabidhi mche wa mkole.

"Shika wima. Usiupinde mzizi."

Masalu akapiga magoti na suruali yake mpya.