Sauti Niliyosema Ni ya Mama

Heri niseme mwenyewe, maana kanisa letu lote hapa mtaani Stechford, ughaibuni, linajua tayari. Mama aliimba kwaya, na albamu yao ilikuwa kwenye programu ya muziki ninayoisikiliza bure kwa simu. Mwaka jana iliondolewa bila mimi kujua. Nikiutafuta wimbo wake, programu ilinipa uleule ulioimbwa na kwaya nyingine, nami nilibonyeza bila kusoma jina. Kila Jumapili nilimpa mdogo wangu Neema asikilize. Mama alifariki Neema akiwa mchanga, nikaacha shule nimlee.

"Huyo anayepanda juu ndiye mama," nilimwambia tena juzi tukinywa chai baada ya ibada, wimbo ukicheza kwenye simu, machozi yakinilenga.

Mama Furaha, mgeni wetu kutoka Kongo, akaweka kikombe chini. "Dada, huyo ni mimi. Tuliurekodi kule Bukavu." Akauimba ule mstari kwa sauti ileile.

Neema akanigeukia. "Kwa hivyo sauti ya mama ikoje?"

Nilijaribu kuikumbuka, na masikioni ikanijia ya Mama Furaha tu.